Diski ya nje ya 2TB inaanza vizuri halafu inalala: nina laki nne, ninunue ipi kwa video za 4K?

#1 Mwana Capri Point
Wakuu, habari zenu. Nashuti harusi hapa Mwanza, kamera mbili za 4K na drone. Diski yangu ya sasa ni 2TB, ile ndogo ya mfukoni inayokula umeme wa USB. Nikianza kukopi kutoka kwenye kadi inakwenda MB 90 kwa sekunde, baada ya muda inashuka mpaka 30, kuna wakati inagota sifuri kabisa kisha inaamka yenyewe. Nikiediti moja kwa moja kutoka humo, kamera mbili zikiwa pamoja kwenye taimulaini, picha inakatakata.

Nina laki nne. Mmoja ananiambia nichukue SSD (ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya 1TB, mwingine anasema hela hiyo hiyo inatoa 4TB ya kawaida ya kuzunguka na nyingine inabaki. Msimu wa harusi ndio huo unaingia. Nisaidieni.

#2 Kijiti
Nimeshakaa mkao wa kula. Nina ugonjwa huo huo.

#3 Fundi wa Aggrey
Chukua SSD, mambo yaishe. Diski ya kuzunguka haiwezi 4K.

#4 Mama Picha
Fundi, "haiwezi 4K" ni maneno ya kuuzia. Tupige hesabu hapa hapa.

Kamera nyingi za harusi zinarekodi 4K kwa 100 Mbps. Hizo ni megabiti. Gawanya kwa nane, unapata MB 12.5 kwa sekunde. Kamera mbili ni MB 25. Diski nzima ya kuzunguka inasoma zaidi ya MB 100 ikiwa haijajaa. Kwa hiyo uwezo upo tena unabaki.

Sasa ujazo. MB 12.5 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa nne nne ni GB 360. Weka na nusu saa ya drone, umefika karibu 385. Familia ikikupa kicheni pati, sendofu na harusi yenyewe, 1TB imekwisha kwa bibi harusi mmoja. Hiyo SSD ya 1TB unayomshauri atatunzia nini?

#5 Fundi wa Aggrey
Hesabu yako sawa, dada, ila kusoma faili moja na kusoma matano kwa mpigo ni vitu viwili. Kichwa cha diski kinaruka huku na kule: kamera ya kwanza, ya pili, sauti ya MC kutoka kwenye rekoda, muziki, drone. Kila mruko unakula muda. SSD haina kichwa cha kurusha.

#6 Zero Kelele
Mleta uzi, kabla hujatoa hata shilingi angalia umechomeka wapi. USB 2.0 mwendo wake halisi ni MB 30 hadi 40 kwa sekunde. Wewe umesema inashuka mpaka 30. Hapo mimi naona waya au tundu. Na usidanganyike na umbo: kebo nyingi za USB-C zinazokuja na chaja zinapitisha data kwa mwendo wa USB 2.0 tu, zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji.

#7 Injinia Makumbusho
Zero, soma tena post ya kwanza. Inaanza na 90. USB 2.0 haifiki 90 hata kwa sekunde moja. Kama ni waya ingeanza na 35 na kuendelea na 35.

Dalili alizotaja ni za SMR. Diski nyingi za mfukoni za kuanzia 2TB zinaandika data kwa njia hiyo: mistari ya data inalaliana kama mabati ya paa ili nyingi zaidi ziingie mahali padogo. Ukitaka kubadilisha bati la chini lazima uinue la juu yake, ndiyo maana kuandika upya mahali palipokwisha kuandikwa kunachukua muda. Diski ina sehemu ndogo ya kupokelea data kwa haraka. Sehemu hiyo ikijaa, diski inasimama ijipange yenyewe ndani kwa ndani. Hapo ndipo unaona sifuri.

Ubaya ni kwamba boksi halisemi. Mwaka 2020 Western Digital walikiri hadharani kuwa baadhi ya diski za WD Red, zinazouzwa kwa ajili ya kuhifadhi data za mtandao wa nyumbani na ofisini, zilikuwa SMR na wanunuzi hawakuwa wameambiwa.

#8 Kijiti
Kumbe! Yangu inafanya hivyo kila ikibaki kama nusu ya kazi.

#9 Mama Picha
Injinia, nakubali nusu. SMR kwa diski tupu, ukimwaga faili kubwa moja baada ya jingine, inaandika vizuri tu kwa sababu hakuna cha kuinua. Shida inaanza pale unapofuta harusi ya zamani na kuweka mpya, unafuta tena, unaweka tena. Mwana Capri Point, diski yako imejaa kiasi gani, na huwa unafutafuta?

#10 Mwana Capri Point
Imebaki na GB 150 hivi. Na ndiyo, kila nikimkabidhi mteja kazi nafuta, naingiza nyingine. Nashukuru kwa majibu.

#11 Injinia Makumbusho
SMR.

#12 Mzee wa Gongolamboto
Msimfungie kesi mapema. Diski iliyobaki GB 150 kati ya 2TB inaandika sehemu ya ndani ya sahani. Duara la ndani ni dogo, mzunguko mmoja unapita data chache. Diski yoyote ya kuzunguka, hata isiyo SMR, mwisho wake inakwenda karibu nusu ya mwendo wa mwanzo. Hiyo ni hali ya kawaida kabisa.

#13 Injinia Makumbusho
Mzee wangu, yeye anaanza na 90, nusu yake ni 45. Yeye anapata 30 na sifuri.

#14 Mzee wa Gongolamboto
Hiyo sifuri sasa ndiyo inayonitisha. Inaweza kuwa sekta mbovu, diski inajaribu kuandika mara nyingi mahali palipokufa. Kijana, shusha CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski. Tazama mistari ya 05 na C5, ndiyo inayohesabu sekta mbovu na zinazoshukiwa. Namba ghafi pale zikiwa juu ya sifuri, na hasa zikiwa zinaongezeka kila wiki, hamisha kazi za watu leo leo. Habari ya kununua ipi itakuja baadaye.

#15 Pwani Mchangani
Mbona hamjagusa Windows? Kile anachokiona mwanzo si mwendo wa diski, ni RAM inapokea haraka halafu inakuja kulipa deni.

#16 Zero Kelele
Pwani, ilikuwa hivyo zamani. Kuanzia Windows 10 toleo la 1809, diski za nje zinawekwa kwenye hali ya kuchomoa haraka, hiyo kumbukumbu ya kati kwenye RAM imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe.

#17 Pwani Mchangani
Fundi aliyemfungia laptopu anaweza kuwa aliiwasha. Huku kwetu mafundi wanawasha kila kitu.

#18 Luthuli Boy
Hamjambo, nachangia kutoka Nairobi. Hapo kwa kukatakata naona mnalaumu diski bure. Mwana Capri Point, kamera yako inabana video kwa njia ya H.264 au H.265? Na laptop yako ni ya mwaka gani?

Mimi nilihamisha mradi wangu wote hadi kwa SSD ya ndani na picha ikaendelea kukwama vilevile. Kisa kilikuwa prosesa. Video ya H.265 ya biti 10, aina ya 4:2:2 (inayotunza rangi nyingi zaidi), inahitaji chipu yenye uwezo wa kuifungua. Intel wanaifungua kuanzia kizazi cha 11, Apple kwa M1 na kuendelea. Nvidia walikawia hadi RTX 50, mwaka wa 2025. Kama mashine yako haimo hapo, hata ukinunua diski ya dhahabu itakwama tu.

#19 Mwana Capri Point
Laptopu ni Core i7 kizazi cha 8, mtumba kutoka kwa jamaa aliyeleta kontena. Kamera kubwa ni H.265, ya pili ni H.264.

#20 Luthuli Boy
Basi kama hiyo H.265 ni ya 4:2:2, jibu nusu umeshapata. Tengeneza proksi. DaVinci Resolve ya bure inafanya, Premiere pia. Unaiambia itengeneze nakala nyepesi, unaediti hiyo, siku ya kutoa kazi programu inarudi kwa faili halisi. Ukizichagua ndogo, proksi za harusi nzima zinaweza zisifike hata robo ya faili halisi, unaweza kuziweka ndani ya laptop yenyewe. Faili kubwa zibaki kwa diski ya bei nafuu.

#21 Fundi wa Aggrey
Proksi nazo zinachukua usiku kucha kutengeneza kwenye i7 ya kizazi cha 8. Bibi harusi anataka kipande cha mtandaoni kesho yake asubuhi.

#22 Mama Picha
Fundi leo umeamua kuuza hiyo SSD kwa nguvu zote. Umebakiwa na ngapi dukani?

#23 Fundi wa Aggrey
Dada, njoo uone mwenyewe, za kuzunguka ninazo nyingi kuliko hizo. Nasema ninachokiona. Wanaorudi dukani wakilia, wengi wameangusha diski ya kuzunguka ikiwa inafanya kazi. Imewekwa juu ya spika ukumbini, mtu kapita kavuta waya. SSD ikianguka unaiokota.

#24 Injinia Makumbusho
Hilo la kuanguka ni kweli. Ila SSD za bei ya chini nazo zina lake. Zile za QLC, zinazobana biti nne kwenye chembe moja, zina sehemu ya haraka mbele. Ikijaa unaona rangi halisi. Samsung 870 QVO ya 1TB, kwa mfano, ikishajaza sehemu ya haraka inaandika MB 80 hivi kwa sekunde. Hiyo ni chini ya diski ya kuzunguka! Mtu anayemwaga GB 385 kwa mkupuo atafika huko kabla hajamaliza kadi ya kwanza. Ukinunua SSD tafuta TLC, yenye biti tatu kwa chembe. Kwa mfano Crucial X9 ya kawaida ni QLC, X9 Pro ni TLC, majina yanafanana na maboksi yanakaribiana.

Halafu kuna jambo halijasemwa. Kadi za kamera za UHS-I, zile SD za kawaida, hazivuki MB 104 kwa sekunde kwenye visoma kadi vya kawaida. Kukopi GB 385 kwa MB 90 ni zaidi ya saa moja, uwe na SSD au uwe na diski ya kuzunguka isiyolala. Anayenunua SSD ili kadi ishuke haraka ataisubiri kadi.

#25 Kijiti
Hiyo ya kadi sikuwahi kuifikiria. Ahsante sana, Injinia.

#26 Binti wa Darajani
Assalaam aleikum. Kuna tangazo nimeliona la SSD ya 16TB, bei haifiki hata elfu themanini. Vipi hiyo kwa mleta uzi?

#27 Zero Kelele
Waaleikum salaam. Dada, ikimbie! Ndani ya lile kasha mara nyingi kuna kadi ndogo ya memori imegundishwa kwenye saketi ya USB, imepangwa iidanganye kompyuta kuwa ni 16TB. Itapokea mafaili yako yote, majina utayaona, ukubwa utauona. Uwezo halisi ukijaa inaandika juu ya yale ya mwanzo. Utakuja kufungua harusi ya watu ukute haifunguki.

Diski yoyote mpya, hata ya duka unaloliamini, jaribu kwanza. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Mac na Linux kuna F3. Inajaza diski nzima halafu inasoma tena kuhakiki. Inachukua masaa, iache ilale inafanya kazi. Na dai risiti ya EFD, bila hiyo waranti utaidai kwa nani.

#28 Mwana Capri Point
Mrejesho wakuu. CrystalDiskInfo inaonyesha rangi ya buluu, 05 na C5 zote sifuri. Nimebadilisha tundu na waya. Safari hii ilikwenda vizuri kwa muda mrefu zaidi, kisha ikashuka mpaka 40. Sifuri sijaiona tena, ila nilikopi kadi moja tu.

#29 Zero Kelele
Waya huo. Nilisema.

#30 Injinia Makumbusho
Kadi moja haijajaza hata sehemu ya kupokelea. Angeendelea mpaka ya tatu angeiona sifuri yake.

#31 Mzee wa Gongolamboto
Na 40 bado ni karibu na ile nusu niliyoisema, kwa diski iliyojaa vile.

#32 Luthuli Boy
Na hakuna aliyeuliza kama picha bado inakatakata.

#33 Mwana Capri Point
Inakatakata, ila kidogo. Ya kamera ya H.264 sasa inapita laini, ile ya H.265 ndiyo inakwama.

#34 Mama Picha
Kila mtu hapo amepata ushahidi wake. Mimi nirudi kwenye laki nne, maana ndiyo iliyotuleta.

Mdogo wangu, mnabishana juu ya mwendo na hakuna aliyekuuliza nakala ya pili iko wapi. Unafuta kadi ukishakopi, sivyo? Kwa hiyo kuanzia Jumamosi usiku mpaka siku ya kukabidhi, harusi ya watu iko mahali pamoja tu, ndani ya kitu kinachobebwa kwenye bodaboda. Harusi hairudiwi. Hutamwita shehe au padri aje afungishe tena ndoa kwa sababu diski imegoma. Ningekuwa na laki nne ningechukua diski ya pili ya kawaida, 2TB au zaidi kadiri hela inavyofika, kila kadi inashuka kwenye diski zote mbili usiku ule ule, moja inalala kwako na nyingine inalala kwa ndugu yako. Mwendo wa pole hautaki hela, unataka uvumilivu. Iliyopotea haina fundi wa kuirudisha kwa laki nne.

Kitu kingine, weka gharama ya diski kwenye makubaliano na kamati ya harusi. Mimi mteja anajua tangu mwanzo: faili ghafi nazitunza miezi mitatu baada ya kukabidhi. Anayezitaka analeta diski yake anakopiwa.

#35 Fundi wa Aggrey
Hapo kwenye nakala mbili nakuunga mkono, Mama Picha. Ila moja kati ya hizo mbili iwe SSD, hata ya 500GB ya kufanyia kazi ya wiki hii. Ikikamilika inahamia kwenye ile kubwa.

#36 Pwani Mchangani
Miezi mitatu michache, dada. Mimi nina harusi za tangu 2017. Watu wanarudi baada ya miaka wanalia flashi imepotea.

#37 Kijiti
Mkuu utakuwa unatunza mpaka za walioachana.

#38 Pwani Mchangani
Hao ndio hawarudi kuzidai. Ila mzazi akifariki, ile video ya harusi ndiyo mahali pekee sauti yake ilipobaki. Nimeshamkopia mtu kwa sababu hiyo, sikumtoza. Kwa hiyo sifuti.

#39 Mama Picha
Hilo nimelisikia. Labda video iliyokwisha kuhaririwa niitunze siku zote, ghafi ndiyo iende. Iliyokwisha haichukui nafasi kubwa.

#40 Binti wa Darajani
Na mnaotunza muda mrefu, mnatunza kwenye nini? Huku Unguja joto na hewa ya chumvi havina mchezo. Nimeambiwa SSD ikikaa mwaka bila umeme inasahau kila kitu.

#41 Mzee wa Gongolamboto
Si kila kitu na si kila SSD. Hiyo habari ya mwaka mmoja inatokana na kiwango cha JEDEC, taasisi inayoweka viwango vya chipu, kinahusu SSD iliyokwisha kuandikwa mpaka mwisho wa uhai wake, ikihifadhiwa kwenye nyuzi joto 30. Iliyotumika kidogo inatunza zaidi ya hapo. Ila ni kweli joto linaharakisha. Kwa kabati ya miaka mingi mimi bado naamini ya kuzunguka, ndani ya kopo linalofunga vizuri na vile vifuko vya kunyonya unyevu, na naichomeka mara kwa mara izunguke.

#42 Injinia Makumbusho
Hata ya kuzunguka inakufa kabatini. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotoa takwimu za diski zake tangu 2013, mwaka 2024 iliona zaidi kidogo ya diski moja na nusu kati ya mia zikifa kwa mwaka.

#43 Mzee wa Gongolamboto
Hizo ni diski kubwa za kituo cha data, zina kiyoyozi na hazisogezwi. Huwezi kuzichukulia kipimo cha diski ya mfukoni iliyopanda daladala. Na SSD za jina kubwa nazo zimewahi kuleta kasheshe: mwaka 2023 kulikuwa na malalamiko mengi juu ya SanDisk Extreme Pro kupoteza data, wenye kampuni wakatoa sasisho la programu ya ndani, na kesi zikafunguliwa Marekani.

#44 Kijiti
Kwa hiyo hakuna cha kuamini?

#45 Mzee wa Gongolamboto
Amini mbili kuliko moja. Tena zisiwe za toleo moja zilizonunuliwa siku moja.

#46 Luthuli Boy
Kabla ya kukopi chochote kwa hiyo mpya, chagua fomati kwanza, yaani mpangilio wa mafaili ndani ya diski. Mteja akiwa na Mac na wewe una Windows, NTFS ataisoma lakini hataweza kuandika. exFAT inakubalika pande zote mbili, lakini haina daftari la kumbukumbu la kujirekebisha, ukichomoa ghafla au umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza folda nzima. FAT32 usiiguse, faili moja haliwezi kufika GB 4.

#47 Mwana Capri Point
Wateja wangu wote ni Windows na runinga. Runinga zinasoma NTFS?

#48 Zero Kelele
Nyingi za sasa zinasoma. Lakini mteja mpe flashi yake ya exFAT, diski yako isitoke nyumbani.

#49 Mwana Capri Point
Sawa. Jumamosi nashuka mjini kuulizia bei ya 2TB na ya 4TB. Injinia, kuna namna ya kujua kama ni SMR nikiwa bado dukani, kabla sijalipa?

#50 Injinia Makumbusho
Chukua namba ya modeli ya diski ya ndani, si jina la kwenye boksi. Seagate, Toshiba na Western Digital wameweka orodha za SMR na CMR (zile ambazo mistari hailaliani) kwenye tovuti zao, ila za diski za ndani. Kwa za mfukoni ni vigumu, sahani iko ndani ya kasha na muuzaji hatakubali ulifungue. Chukulia kuwa 2TB ya mfukoni ni SMR, uitumie ya kutunzia, usiijaze kupita kiasi.

#51 Fundi wa Aggrey
Au uchukue ile kubwa ya mezani yenye adapta yake ya umeme. Nyingi zina sahani za mwendo mzuri zaidi na kwa kila TB inatoka nafuu.

#52 Mama Picha
Na umeme ukikatika katikati ya kukopi?

#53 Fundi wa Aggrey
UPS ndogo.

#54 Mama Picha
Hiyo nayo iko ndani ya laki nne?